Somo la Tawi: Kompyuta Inawaka Lakini Haiamki



Zamani mali ya tawi ilikuwa daftari la wanachama, kitabu cha stakabadhi na muhuri. Vitu hivyo vilikaa katika sanduku la bati, na mweka hazina alilala na ufunguo. Siku hizi matawi mengi yameliweka daftari hilo ndani ya kompyuta, na mara nyingi kompyuta yenyewe ni kuukuu, imepatikana kwa msaada baada ya ofisi fulani kununua mpya. Si vibaya. Lakini chombo kikuukuu hufa, na kikifa hakitoi notisi ya mwezi mmoja.

Katika somo hili tutaeleza jinsi tawi letu moja la shamba la chai, magharibi mwa Uganda, lilivyopoteza kompyuta yake na kuirudisha kutoka nakala ya akiba. Twaomba viongozi wa matawi walisome pamoja na wanachama, kwa maana kumbukumbu hizi si mali ya katibu peke yake.

YALIYOTOKEA

Mwezi Machi mwaka 2022 katibu wa tawi aliwasha kompyuta kama kawaida. Taa iliwaka, feni ikazunguka, kisha skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi ukisema hakuna diski ya kuanzia. Alizima, akawasha tena. Jibu likawa lile lile.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na orodha ya wanachama, makato ya ada ya kila mwezi, na jalada la mwenzetu wa kiwandani aliyeumia mkono kwenye mashine ya kusaga majani mwezi Novemba 2021. Shauri lake la fidia lilikuwa lisikilizwe na Afisa wa Kazi baada ya siku 9. Fidia huhesabiwa kwa kufuata mapato ya mfanyakazi. Mwajiri alikuwa ameleta hesabu ya miezi michache ya kiangazi, wakati majani ni haba na saa za ziada hakuna. Hesabu yetu ya miezi 12, iliyonakiliwa kutoka karatasi zake za mshahara, ilikuwa ndani ya kompyuta iliyokataa kuamka.

Yalikuja mashauri mawili. Fundi mmoja wa mjini alisema, "Leteni, nitaifuta na kuweka programu mpya, kesho mnaichukua." Na ofisi ya kampuni ikasema kwa upole kwamba mafundi wake wako tayari kuitengeneza bure. Kamati ya tawi ilikataa yote mawili. La kwanza lingetupatia kompyuta nzima isiyo na kitu ndani. La pili lingempa mwajiri majina ya wanachama wote na malalamiko yao. Tena, Uganda inayo sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi tangu mwaka 2019. Anayetunza orodha ya watu ana wajibu wa kuilinda.

KOMPYUTA HUAMKAJE?

Ili tujue pa kutafuta ugonjwa, lazima kwanza tujue mwenye afya huamkaje.

Unapobonyeza swichi, anayeamka kwanza ni programu ndogo iliyo katika ubao mkuu, iitwayo Bios. Mfananisheni na mlinzi wa getini. Kazi yake ni kukagua vyombo, kisha kutazama orodha aliyopewa: nani aamshwe kwanza? Flashi? Diski ya kusoma? Diski ya ndani? Akifika kwenye diski ya ndani, husoma kipande chake cha kwanza kabisa, chenye baiti 512 tu. Humo mna maelekezo mafupi ya kuanzia, jedwali la mgawanyo wa diski, na alama ya baiti 2 inayothibitisha kwamba kipande hicho ni halali. Maelekezo hayo ndiyo yanayoiita programu kuu, mathalani Windows 7 iliyokuwa katika tawi letu.

Basi mnyororo una pete nne: mlinzi, orodha yake, kipande cha kwanza, na programu kuu. Pete moja ikikatika kompyuta haiamki. Lakini angalieni: kumbukumbu za tawi si mojawapo ya pete hizo. Kompyuta yaweza kukataa kuamka na kumbukumbu zikawa salama kabisa. Anayekimbilia kufuta diski huua mgonjwa aliyekuwa amelala tu.

HATUA ZA MWANZO

Kwanza, acheni kuiwasha ovyo. Diski inayokufa hutoa mlio wa kugonga-gonga, na kila mara inapowashwa hupunguziwa uhai.

Pili, tazameni mambo madogo. Je, kuna flashi iliyosahauliwa? Iondoeni, kwa maana mlinzi aweza kuwa anajaribu kuamka kwa flashi hiyo. Chomoeni umeme, fungueni ubavu wa kompyuta kwa bisibisi, mkaze waya za diski pande zote mbili.

Tatu, tazameni saa na tarehe. Katika tawi letu kompyuta ilionyesha tarehe 1 Januari 2009. Hiyo ni dalili kwamba betri ndogo bapa kwenye ubao mkuu, mfano wa sarafu, imekwisha. Betri hiyo ya CR2032, yenye volti 3, ndiyo inayomfanya mlinzi akumbuke orodha na mipangilio yake umeme ukizimwa. Ikifa, mlinzi husahau kila kitu na kurudia mipangilio ya kiwandani. Tuliinunua nyingine dukani, mahali wanapouza betri za saa.

Nne, ikiwa diski ni nzima ila kipande cha kwanza kimeharibika, hakuna haja ya kurudisha nakala nzima. Kwa Windows 7, mwaweza kuanzia kwenye diski ya ukarabati, mfungue dirisha la amri na kuandika bootrec /fixmbr, kisha bootrec /fixboot, kisha bootrec /rebuildbcd. Amri hizo hutengeneza njia ya kuamkia bila kugusa mafaili yenu.

Kwetu haikuwa hivyo. Baada ya kuweka betri mpya, mlinzi bado hakuiona diski, nayo ilikuwa ikigonga. Tulijaribu usiku mmoja kuinakili kwa programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima na kuziacha mbovu hadi mwisho. Haikutoa kitu. Tukaiondoa, tukaifungia katika sanduku. Ikabaki nakala ya akiba iliyofanywa mwezi Januari kwenye diski ya nje.

VIKWAZO VITATU

Kabla ya kuigusa nakala hiyo tulifanya jambo ambalo twawasihi wote mlifanye: tulikwenda kwa kompyuta ya shule ya jirani, mjumbe wa kamati akiwa amekaa hapo hapo, tukaitolea nakala nyingine. Ukiwa na mbegu ya mwisho huipandi yote katika shimo moja. Nakala ya shuleni haikuachwa kule. Ilikuwa kwenye diski yetu ya pili.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mahali. Tuliamsha kompyuta kwa diski ya ukarabati ya Windows 7, nayo ikasema haioni nakala yoyote. Kumbe mtu fulani, kwa nia njema ya kusafisha, alikuwa ameingiza folda ya nakala, iitwayo WindowsImageBackup, ndani ya folda nyingine ya mambo ya zamani. Programu hiyo huitafuta folda hapo mlangoni tu, haiingii vyumbani. Tuliirudisha nje, ikaonekana. Jina lake nalo lisibadilishwe.

Kikwazo cha pili kilikuwa ukubwa. Diski iliyokufa ilikuwa ya gigabaiti 320. Tulikuwa tumenunua ya mkono wa pili ya gigabaiti 250, kwa kuwa kumbukumbu zetu zote hazikufika hata 40. Programu ilikataa. Urudishaji wa namna hii huangalia ukubwa wa diski ya zamani, si wingi wa mafaili. Diski mpya haina budi kulingana nayo au kuizidi. Tukabadilisha kwa ya 500. Kumbukeni pia kwamba urudishaji hufuta kila kilichomo katika diski inayopokea. Chomoeni diski yoyote isiyohusika.

Kikwazo cha tatu ndicho kilichotutoa jasho. Nakala ilirudi yote, kazi ya saa mbili. Tukawasha. Nembo ya Windows ikatokea, mara skrini ya buluu, kisha kompyuta ikajizima na kuanza upya, tena na tena. Wengine wakasema nakala ni mbovu. Haikuwa mbovu. Katika skrini ile mlikuwa na namba inayoishia na 7B, na namba hiyo maana yake Windows imeshindwa kuifikia diski iliyomo. Sababu ilikuwa ile betri. Ilipokufa, mlinzi alisahau kwamba diski husemeshwa kwa namna iitwayo AHCI, akarudia namna ya zamani zaidi iitwayo IDE. Windows ilikuwa imefundishwa lugha ya kwanza, inaamshwa kwa ya pili. Tuliingia katika mipangilio ya Bios, tukarudisha AHCI, tukahifadhi. Kompyuta ikaamka, na daftari la tawi likafunguka.

Fundisho ni hili: nakala ikikataa kuamka, msiitupe. Ulizeni kwanza, je, chombo inamorudishwa kimepangwa kama kile ilimotoka?

PENGO LA WIKI KUMI

Nakala ilikuwa ya Januari. Kompyuta ilikufa Machi. Wiki kumi za kazi zilikuwa zimepotea, na hakuna fundi ambaye angezirudisha. Zilirudishwa na wanachama. Mweka hazina alileta vishina vya stakabadhi. Wawakilishi wa idara walikwenda mstari kwa mstari shambani na zamu kwa zamu kiwandani, wakakusanya karatasi za mshahara na kuandika makato ya kila mtu. Jioni tatu zilitosha.

Siku ya shauri, hesabu ya miezi 12 ya mwenzetu ilikuwa mezani, na karatasi zake halisi za mshahara kando yake. Afisa wa Kazi alizilinganisha mstari kwa mstari. Fidia ikahesabiwa kwa mapato ya mwaka mzima, na saa za ziada zikiwemo. Mkono wake haukurudi kama ulivyokuwa, lakini hakupunjwa haki yake kwa sababu ya diski.

TUFANYE NINI TANGU SASA?

1. Kila kumbukumbu iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya ofisi. Mwizi au moto huchukua kompyuta pamoja na diski iliyowekwa juu yake.

2. Nakala ifanywe kila baada ya makato ya mwezi kuandikwa. Tarehe iandikwe ukutani na sahihi ya aliyefanya.

3. Diski ya nje ikishamaliza kunakili ichomolewe. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu huunguza vyote vilivyochomekwa.

4. Kila miezi mitatu nakala ijaribiwe. Fungueni faili moja kutoka ndani yake, katika kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu, nasi wafanyakazi twazijua ahadi.

5. Mafaili muhimu, yaani orodha, hesabu na barua, yanakiliwe pia peke yake, mbali na nakala ya kompyuta nzima. Hayo yanafunguka popote bila kungoja chombo kuukuu kiamke.

6. Neno la siri lijulikane na watu wawili, na liandikwe katika bahasha iliyofungwa kwa sahihi.

7. Andikeni mipangilio ya Bios katika karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko wa kompyuta.

8. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya ulinzi tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta kama hiyo isiunganishwe na intaneti. Itumieni huku mkitafuta njia ya kuhamia kwenye iliyo mpya zaidi.

9. Diski iliyokufa isitupwe jalalani wala kuuzwa. Majina ya wanachama yangali humo. Ivunjwe mbele ya kamati.

10. Karatasi zisiachwe. Vishina na karatasi za mshahara ndivyo vilivyoziba pengo letu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

Kompyuta yetu ikikataa kuamka kesho asubuhi, tutapoteza siku ngapi za kazi? Nani mwingine, zaidi ya katibu, anajua nakala ilipo? Lini ilijaribiwa mara ya mwisho? Na wewe mwanachama, karatasi zako za mshahara za mwaka jana ziko wapi?

Tawi lisiloweza kujibu swali la tatu lisimalize mkutano kabla ya kuteua watu wawili na kuwapa tarehe ya kulifanya jambo hilo.