REZO YA WAVU: TUIPANGE NAMNA GANI?



Kila siku kilio ni kimoja: mega zimeisha. Somo la leo linahusu njia ya kugawa intaneti moja kwa nyumba nyingi bila kuvuta waya. Tusome pole pole, maana pesa ya vyombo ikitoka ovyo hairudi.

1. Rezo ya wavu ni kitu gani?

Ni kama wavu wa mvuvi: fundo moja likikatika, mengine yanaendelea kushika. Kila nyumba inapata ruta yenye antena. Ruta inapokea habari za jirani na kuzipitisha mbele. Njia moja ikifungwa, habari zinatafuta njia ingine. Ndiyo sababu migodi mingi ya wazi duniani inaitumia: malori yanahama, shimo nalo linazidi kushuka. Mtu akisimama chini ya shimo kubwa kama KOV, hauoni mji. Antena yake vilevile haiuoni.

2. Mfano wa jirani zetu

Huko Macha, kusini mwa Zambia, kuna hospitali ya misheni. Intaneti ilifika kwa satelaiti, na rezo ya wavu ikaigawa kijijini. Wachunguzi walipima matumizi yake. Waliona watu wengi wanatafuta vitu vile vile, na ujumbe mwingi ni wa jirani kwa jirani, lakini yote yanapanda satelaiti na kurudi. Fundisho ni hili: kitabu kinachosomwa na kalasi nzima kiwekwe ndani ya ordinateri moja hapa hapa. Hapo kitasomwa bila kula mega hata moja.

3. Hatua za kupanga

(a) Tembea kwanza, nunua nyuma. Chora karata: shule, kanisa, dispensaire, nyumba za walimu. Panda mahali pa juu, tazama: unaiona nyumba ya pili kwa macho? Mwembe wenye majani mengi, manjanja na vilima vya udongo wa mgodi vinazuia mawimbi.

(b) Acha nafasi. Mawimbi hayapiti kama uzi, yananenepa katikati ya njia. Kwa gigahezi 2.4 na umbali wa metre 300, yanataka karibu metre 3 kila upande pale katikati. Kwa kilometre 1, metre 5 na nusu. Zaidi ya nusu ya nafasi hiyo lazima iwe wazi. Kwa hiyo mlingoti mrefu unaweza kufaa kuliko antena ya bei kali.

(c) Usirukeruke. Ruta yenye redio moja haiwezi kusikiliza na kusema pamoja. Kila kituo kinapunguza mwendo karibu nusu: 20 inakuwa 10, halafu 5 hivi. Basi weka mlango wa intaneti katikati ya karata, si pembeni.

(d) Fikiria moto na radi. Kituo kimoja kikizimika, je, wengine wana njia ya pili? Kila kituo kiwe na majirani wawili. Batri na pano ya jua vihesabiwe tangu mwanzo. Kwetu mvua ni tangu Oktoba mpaka Aprili, na radi hazikosi: mlingoti ushikwe na waya unaoingia udongoni.

(e) Andika yote. Sisi wa mwaka wa mwisho tutafanya Egzamini ya Dola, tutaondoka. Rezo iliyo katika kichwa cha mtu mmoja inaondoka naye. Kwa hiyo karata, maneno ya siri na hesabu ya pesa vikae katika daftari kwa mwalimu, na wanaotufuata wafundishwe kupanda mlingoti na kutengeneza.

4. Zoezi

Ruta inakula wati 10 mchana na usiku. Batri ni ya volti 12, ampea-saa 100, nasi tunatumia nusu yake tu. Itadumu siku ngapi bila jua? (Jibu: wati-saa 600 kugawa kwa 240, ni siku 2 na nusu.) Sasa hesabu wewe mwenyewe kwa ruta mbili, halafu lete karata yako.