Darasa la Ramadhani, Siku ya 17: Chungu Kimoja na Yatima



Ndugu zangu waumini, leo tuzungumze kuhusu pesa za yatima.

Quran ilipoonya vikali juu ya kula mali ya yatima kwa dhulma, Masahaba waliokuwa wakilea mayatima waliingiwa na khofu. Ibn Abbas (r.a.) anasimulia kwamba walitenga chakula cha yatima na chao. Kikibaki, hakuna aliyethubutu kukigusa, mpaka yatima akile au kiharibike. Ikawa tabu. Wakamuuliza Mtume (s.a.w.), na ikateremka aya ya 220 ya Suratul-Baqara. Wakaruhusiwa kuchanganya, maana hao ni ndugu zao, na wakakumbushwa kuwa Allah anamjua anayetengeneza na anayeharibu.

Sasa tuje kwetu. Hapa Kenya, mpango wa kuwapa pesa mayatima na watoto wanaoishi katika mazingira magumu ulianza kwa majaribio mwaka 2004, na Kwale ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Siku hizi uko chini ya Inua Jamii, na kiwango kilichozoeleka ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni za nyumba nzima, wawe watoto wawili au sita. Hebu piga hesabu: ni kama shilingi 66 kwa siku.

Basi mama mjane akinunua unga kwa pesa hizo, akapika chungu kimoja, wakala wote, asitiwe wasiwasi. Huyo anatengeneza. Na mlezi mwenye uwezo wake, aya ya 6 ya Suratun-Nisaa inamtaka ajizuie. Aliye fakiri atumie kwa kadiri. Lakini ami anayepokea pesa akalipa madeni yake, na mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa sare, huyo ajiangalie.

Na sisi majirani je? Tusiseme, "Si serikali inawapa?" Pesa ya serikali haituondolei wajibu wetu. Yatima asiye na kitu anaingia katika mafakiri na masikini, ambao Suratut-Tawba aya ya 60 imewataja mwanzo kabisa kati ya wanaostahiki zaka. Na malipo yakichelewa, njaa haingoji.

Ya kufanya leo:

1. Unalea yatima? Andika kilichoingia na kilichotoka, hata kwenye daftari la shule. Akibaleghe na kupevuka utamkabidhi chake mbele ya mashahidi.

2. Unatoa? Ukiweza, mpe mama pesa mkononi, kwa siri, bila picha. Yeye ndiye ajuaye kama leo pamekosekana unga au viatu.

3. Usimalizie Ramadhani. Tenga kidogo cha Shawwal, futari zikishakwisha.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kutengeneza, wala usitujaalie kuwa waharibifu. Amin.

Mtumie na mwenzio.