Porsche ya zamani, au mpya?

SWALI: Kwa nini madereva wengi huipenda Porsche 911 ya zamani ilhali mpya ina kasi zaidi? Au ni mapenzi ya ukale tu?

JIBU: La, ndugu yangu. Utamu wa kuendesha hauko kwenye kasi pekee. Chukua 993, 911 ya mwisho kupozwa kwa hewa, iliyoacha kuundwa 1998. Pedali ya mafuta imeunganishwa na injini kwa waya. Usukani unasaidiwa na haidroliki, hivyo mikwaruzo ya lami unaihisi viganjani, na tairi za mbele zikianza kupoteza mshiko, usukani unakuwa mwepesi na kukuonya mapema. Tangu kizazi cha 991, kilichotoka 2011, usukani husaidiwa na mota ya umeme: ni laini na sahihi, lakini habari nyingi za barabara huchujwa njiani.

Mimi ningechukua 993 ya gia za mkono bila kusita. Ila haina kompyuta ya kuzuia gari kuserereka; ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona yenye maji, uzito wa injini iliyo nyuma unaweza kulizungusha. Kabla ya kulipa, fundi anayeijua akague kutu na uvujaji wa oili.