Shahada ya Uzamili ya Sayansi ya Kompyuta: Maelezo kwa Wakazi wa Nchelenge na Ufuko wa Mweru

Kijitabu hiki ni cha wasomaji wa Kiswahili wa wilaya ya Nchelenge: wafanyabiashara wa Kashikishi, familia zilizovuka ziwa kutoka upande wa Kongo, Pweto na Kilwa, na vijana wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018. Kinamhusu mwenye shahada ya kwanza, au aliye karibu kuimaliza, anayetaka kuendelea na uzamili wa sayansi ya kompyuta.

Vyeti kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza chuo kipi ni kizuri. Anza na vyeti vyako, maana hapo ndipo maombi mengi hukwama.

Mfumo wa sifa za elimu wa Zambia una ngazi 10. Shahada ya kwanza iko ngazi ya 7, uzamili ngazi ya 9. Anayepima cheti cha nje na kusema kinalingana na ngazi gani ni Mamlaka ya Sifa za Elimu ya Zambia, ZAQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Peleka nakala zilizothibitishwa za cheti chenyewe na za hati ya matokeo ya kila mwaka wa masomo, pamoja na tafsiri rasmi ya Kiingereza ikiwa karatasi zako ni za Kifaransa. Tafsiri ya rafiki anayejua lugha zote mbili haitoshi.

Waliosoma Kongo wasome hapa polepole. Katika mfumo wa zamani mtu alisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2, jumla 5. Mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat), ulioanza mwaka wa masomo 2021–2022, unatoa licence kwa miaka 3, na master ni miaka 2 zaidi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kushika cheti chenye jina lile lile, mmoja akiwa amesoma miaka mitano na mwenzake mitatu. Zambia shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka 4. Mwenye graduat peke yake asijihesabu kuwa amefika ngazi ya 7 kabla hajapata barua ya ZAQA. Diplôme d'État nayo usiiache nyumbani, kwa sababu vyuo hutaka pia ushahidi wa sekondari.

Kama vyeti vilipotea vitani, andikia chuo ulichosoma ukiomba uthibitisho, na uanze mapema. Majibu huchelewa.

Chuo kinataka nini

Chuo Kikuu cha Zambia, kilichoanza kufundisha mwaka 1966 mjini Lusaka, kina uzamili wa sayansi ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere navyo vinao. Masharti yao hayapishani sana: shahada ya kwanza ya kompyuta au fani ya karibu, yenye alama nzuri, barua za walimu wanaokufahamu, na muhtasari wa utafiti unaotaka kufanya. Popote utakapoomba, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa. Nchini Zambia hilo ni jukumu la Mamlaka ya Elimu ya Juu, na chuo chenye usajili kinaweza kuwa na kozi isiyo na idhini.

Kujua kutengeneza simu au tovuti ni kazi nzuri, lakini si hilo linalopimwa. Utaulizwa algorithimu, hifadhidata, mifumo endeshi, mitandao, na hisabati: mantiki, aljebra, uwezekano na takwimu. Aliyetoka fani nyingine anaweza kutakiwa asome kwanza masomo ya nyongeza. Kwa maoni yetu, mwaka mmoja wa kurudia hisabati jioni una faida kuliko kozi fupi nne zenye vyeti vya kupamba ukuta.

Tasnifu

Kwa kawaida masomo ni miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa madarasa na mitihani, wa pili ni wa utafiti na tasnifu, chini ya msimamizi. Hapa ndipo wengi huzama, mara nyingi kwa sababu ya mada pana mno. “Akili bandia katika uvuvi” haina mwisho. “Programu ya simu ya kurekodi dagaa wa chisense wanaoshushwa ufukoni Kashikishi mahali pasipo na intaneti” inaweza kujengwa, kujaribiwa na kutetewa mbele ya watahini. Malaria ya Nchelenge pia imechunguzwa kwa miaka mingi na wanasayansi wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola, na mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuingia hapo kupitia takwimu. Ukigusa taarifa za watu, utahitaji kibali cha maadili ya utafiti, tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2021 inakuhusu.

Safari na fedha

Mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka makazini na kibali cha masomo. Aulize ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi kabla ya kulipa chochote. Akienda kusoma Kitwe asishawishiwe na njia fupi ya Chembe hadi Mokambo: inakata ardhi ya Kongo, nchi aliyoikimbia.

Ada zinahitaji mpango. Ziwa hufungwa kwa uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na nyumba inayotegemea samaki hukaukiwa miezi hiyo. Weka akiba kabla ya Novemba kwisha, na uliza chuo kama ada hulipwa kwa awamu. Ufadhili wa DAFI kwa wakimbizi, unaogharimiwa na Ujerumani tangu 1992, hulenga hasa shahada ya kwanza, kwa hiyo wa uzamili watafute kwingine: Carnegie Mellon ya Kigali, kwa mfano, ina uzamili wa teknolojia ya habari na nafasi zinazofadhiliwa na Mastercard Foundation. Na atakayekuomba pesa mkononi akiahidi kukupatia nafasi ya chuo, usimpe hata ngwee moja.