SOMO: Kupanga Bajeti ya Ukarabati wa Nyumba

Ndugu wanakamati na wafadhili, mara nyingi tunaombwa kusaidia kukarabati nyumba za wajane na wazee. Paa likiezuliwa kisha fedha zikaisha, familia huachwa katika hali mbaya kuliko ya mwanzo. Tuzingatie hatua hizi:

1. Tukague kwanza. Twende na fundi, tuchome mbao kwa bisibisi kuona kama zimeliwa na mchwa. Bati jipya juu ya kenchi mbovu ni hasara.

2. Tupange vipaumbele. Msingi, kuta na paa hutangulia. Dari na rangi hufuata.

3. Tuorodheshe vifaa, usafiri na ufundi. Bei tuziulize katika maduka matatu, kwa vipimo vile vile: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mchanga, mawe na nguvu kazi ya wanajumuiya navyo vithaminiwe kwa fedha.

4. Tutenge asilimia 10 kwa dharura. Makadirio yakiwa shilingi 4,000,000, tutafute 4,400,000.

5. Fundi alipwe kwa awamu, baada ya kamati kukagua kazi.

Fedha zisipotosha, tupunguze ukubwa wa kazi, si ubora wake. Wala tusiezue chochote kabla mbao, bati na misumari havijafika.

Swali la kujadili: Katika parokia yetu, ni nyumba ipi iliyoanzwa kukarabatiwa na haijakamilika? Kilikosekana nini katika bajeti yake?