Somo la Likizo: Isome Bahari Kabla ya Kuwaachilia Watoto

Siku ya Idd-ul-Fitr, na tena wakati wa Krismasi, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta jijini Mombasa, ambao wengi wetu tunauita Pirates, hujaa familia tangu asubuhi. Matatu hushusha watoto waliovaa nguo mpya, akina mama wamebeba sufuria za pilau, na kila mtoto anataka kuingia majini kabla hajavua viatu. Ni matembezi yasiyo na kiingilio, na mzazi mwenye watoto 5 anajua thamani ya hilo. Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo wazee wa pwani wanalijua kwa mazoea lakini wageni wengi kutoka bara hawajawahi kufundishwa: jinsi maji yanavyojaa na kupwa, na kwa nini saa ya chakula cha mchana ndiyo saa ya kuwahesabu watoto.

Bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa kufuata mwendo wa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, tukapata bamvua. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji yaliyopwa na yaliyojaa hapa Mombasa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mvuto hupungua na tunapata maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Sasa tazama kalenda. Idd-ul-Fitr ni tarehe 1 Shawwal, mwezi umeandama tu. Kwa hiyo Idd hiyo huangukia bamvua kila mwaka. Na katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha hujaa kabisa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Familia inayofika asubuhi hukuta bahari imerudi mbali, mafungu ya mchanga yako wazi, vidimbwi vina samaki wadogo. Mahali pazuri kweli kwa mtoto kucheza. Ila mahali hapo pana saa zake.

Maji hayarudi kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho. Saa ya kwanza huingia polepole, hata mtu asione tofauti. Katika saa ya 3 na ya 4, karibu nusu ya maji yote huingia. Siku ya bamvua hiyo ni takriban kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 8 na nusu mchana, wakati ambao watu wazima wamekaa kivulini wanapakua pilau. Zaidi ya hayo, fungu la mchanga huwa limeinuka kuliko mkondo ulio kati yake na ufuo. Mkondo hujaa kwanza. Mtoto aliyesimama kwenye fungu anaona mchanga mkavu chini ya miguu yake na hana habari kwamba njia ya kurudi imeshakuwa na kina cha kumfika kifuani.

Kwa hiyo siku kama hiyo, watoto warudi kutoka kwenye mafungu kabla ya adhuhuri, na mtu mzima mmoja abaki akiwatazama wakati wengine wanakula. Tyubu za magari zinazokodishwa ufuoni si vifaa vya uokoaji. Upepo huzisukuma, na mtoto akiteleza katikati ya tundu hana pa kushika. Idd-ul-Hajj, tarehe 10 ya mwezi, mambo ni tofauti: ni karibu na maji mafu na bahari hujaa karibu na adhuhuri. Krismasi hufuata kalenda nyingine, basi hapo angalia jedwali la maji linalotolewa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya, au uliza mvuvi yeyote. Hatakosa jibu.

Kuhusu watoto kupotea katika umati: mwandikie mtoto nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, na mwonyeshe mahali pa kukutania pasipohama, si gari wala mwavuli wa mfanyabiashara. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Na chupa za maji za plastiki ziache nyumbani. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi fuoni.

Siku ambayo saa za maji hazikufai, Haller Park iko Bamburi, kando ya barabara hiyo hiyo ya kwenda Malindi. Kuna kiingilio, lakini kuna somo. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, ardhi nyeupe isiyoota kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Tatizo likawa majani yake: yalianguka na hayakuoza, basi udongo haukupatikana. Waliotatua hilo ni jongoo wenye miguu myekundu, walioletwa pale wakala yale majani na kuacha mbolea. Watoto watakimbilia twiga na kobe wakubwa, na ni haki yao. Lakini waambie wainame chini ya mivinje wamtafute jongoo, na wakimshika wanawe mikono kabla ya kula, kwa sababu hutoa maji yanayowasha.