Biblia Ipi Tuitumie Darasani?

1. Neno lililomnyamazisha Bibi

Alhamisi moja alasiri, darasa la Biblia lilikutana chini ya mwembe, karibu na kanisa. Zamu ya kusoma ilikuwa ya bibi mmoja. Bibi huyu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Alikuwa amemaliza kisomo mwaka uliotangulia. Mkononi alishika Biblia ya marehemu mumewe, yenye jalada jeusi.

Bibi alifungua Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 4. Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mstari wa 7 alikuta neno gumu. Akalisoma silabi kwa silabi: u-ta-u-wa.

Kijana mmoja akacheka. "Bibi, utamuua nani?" aliuliza. Wengine nao wakacheka.

Bibi akafunga kitabu. "Macho yangu yamezeeka," alisema. "Tafuteni mwingine wa kusoma."

"Hapana, Bibi," alisema mwalimu. "Umesoma sawasawa kabisa. Herufi ndizo hizo zilizoandikwa. Utauwa siyo kuua. Ni neno la zamani, nalo lina undugu na neno mtawa. Maana yake ni kumcha Mungu na kuishi kwa kumheshimu."

Bibi aliinua uso. "Kumbe sikukosea?"

"Hukukosea, Bibi. Sisi ndio hatukulijua neno."

Kijana akasema, "Shikamoo Bibi, nisamehe. Lakini basi vitabu hivi vya zamani tuviache. Tununue vipya."

Mzee wa kanisa alikasirika. "Maneno haya ndiyo niliyofundishwa nilipobatizwa," alisema. "Hicho kitabu chako kipya ni uji mwepesi. Hakishibishi."

Darasa likagawanyika. Wengine walikuwa upande wa mzee, wengine upande wa kijana. Mtu mmoja alisema kwamba Biblia moja lazima ni ya kweli na nyingine ni ya uongo. Mwalimu aliona kwamba darasa linaweza kuvunjika. Akawaomba watulie, kisha akawaeleza mambo yafuatayo.

2. Kwa nini tafsiri ni nyingi?

Biblia haikuandikwa kwanza kwa Kiswahili. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, na sehemu chache kwa Kiaramu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Kila Biblia ya Kiswahili ni tafsiri, ya zamani na ya sasa pia.

Kazi hii ilianza zamani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Baadaye Askofu Edward Steere na wenzake walifasiri kwa Kiswahili cha Unguja. Steere alifariki mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Watu wa Mombasa nao walipata Biblia nzima kwa Kimvita mwaka 1914.

Basi pwani moja ilikuwa na Biblia mbili. Mwaka 1937 ikatoka nyingine ya Mjerumani Karl Roehl. Yeye alijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Kisha mwaka 1952 ikatoka tafsiri ya muungano, ili wasomaji wa Unguja, wa Mombasa na wa bara wasome kitabu kimoja. Hiyo ndiyo Biblia ya Bibi. Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wamekariri mistari yake.

Lakini lugha hukua kama mtoto. Maneno mengine hukua, mengine hufa. Katika miaka ya 1970 lilitoka Agano Jipya la Habari Njema, kwa Kiswahili cha kila siku. Biblia nzima ya Habari Njema ilifuata katika miaka ya 1990. Wakatoliki na Waprotestanti walishirikiana katika kazi hiyo. Hiyo ndiyo Biblia ya yule kijana.

3. Njia mbili za kufasiri

Fikiri juu ya msemo huu: "Ana mkono wa birika." Sote tunajua maana yake. Mtu huyo ni mchoyo.

Sasa ufasiri msemo huo kwa lugha ya kwenu, neno kwa neno. Msikilizaji atauliza, "Birika liko wapi?" Umefuata maneno, lakini maana imepotea. Ukisema tu "ni mchoyo", maana imefika. Lakini utamu wa msemo umebaki nyuma.

Wafasiri wa Biblia hukutana na shida hiyo katika kila ukurasa. Wengine hukaa karibu na maneno ya asili. Wengine hutafuta kwanza maana. Kila njia ina faida yake na hasara yake.

Tuchukue mfano. Katika Injili ya Yohana, sura ya 2, tunasoma habari ya arusi ya Kana. Tafsiri ya mwaka 1952 inasema palikuwa na mabalasi sita. Watu wa bara wengi hawajui balasi ni nini. Tafsiri nyingine husema mitungi. Neno hili ni rahisi. Lakini mtoto akisikia mtungi, atafikiri ni ule anaobeba mama kichwani. Balasi ni chombo kikubwa cha maji. Mtu mmoja hawezi kukitwika kikijaa. Basi neno rahisi limetusaidia kusoma, na neno gumu limetusaidia kuona ukubwa wa chombo.

Mfano mwingine ni jina la Mungu katika Agano la Kale. Tafsiri ya 1952 huandika BWANA kwa herufi kubwa. Habari Njema huandika Mwenyezi-Mungu. Usidhani ni miungu wawili. Nyuma ya maneno yote mawili lipo jina lile lile la Kiebrania.

4. Jinsi ya kuchagua

Kwanza, jiulize ni kazi gani unayotaka kufanya. Je, ni kusoma mbele ya watu wengi? Kufundisha watoto? Kukariri? Kuchunguza maana ya neno moja? Jembe la kulimia silo panga la kufyekea.

Pili, tazama kurasa za mwanzo za kitabu. Soma ni tafsiri gani, na ni nani aliyeitoa. Usichague kwa uzuri wa jalada. Biblia mbili zenye majalada tofauti zinaweza kuwa tafsiri moja.

Tatu, hesabu vitabu vilivyomo. Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73. Muulize kiongozi wa kanisa lako ni ipi inayotumika kwenu. Tazama pia kama umeshika Biblia nzima au Agano Jipya peke yake.

Nne, tazama maandishi. Kama macho yako ni dhaifu, tafuta yenye herufi kubwa. Kitabu kisichosomeka hakikusaidii.

Tano, kijaribu kitabu. Chagua habari fupi. Msomee jirani mara moja tu. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe. Akieleza vizuri, ameelewa. Akirudia maneno tu bila kuyaeleza, bado hajaelewa.

Sita, unapojiandaa kufundisha, tumia tafsiri mbili ukiweza. Zikitofautiana, usikimbilie kusema moja ni ya uongo. Soma mistari iliyotangulia na inayofuata. Kisha muulize anayejua zaidi. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

5. Darasa lilivyoamua

Waliporudi Alhamisi iliyofuata, walifanya jaribio. Mzee alisoma habari ya arusi ya Kana katika kitabu cheusi. Kijana akaisoma katika Habari Njema. Kisha mwalimu akamwomba msichana wa miaka kumi aeleze. Alipoeleza usomaji wa kijana, hakusita. Alipoeleza usomaji wa mzee, alikwama kwenye balasi. Mzee mwenyewe akamweleza balasi ni nini, maana aliwahi kukaa Tanga. Watu wote wakasikiliza, hata kijana.

Wakakubaliana hivi. Darasani watasoma kwanza tafsiri nyepesi ili wote waelewe. Kisha mtu mmoja atasoma ile ya 1952. Maneno magumu wataandika ubaoni na kuyaeleza. Mistari ya kukariri itabaki ile ambayo wazee wanaijua. Tena walikubaliana jambo moja zaidi: hakuna atakayemcheka anayesoma.

"Na mimi nisome kipi?" aliuliza Bibi.

"Chagua mwenyewe, Bibi," alisema mwalimu.

Bibi aliweka vitabu viwili magotini. Akafungua Timotheo katika kile kipya, akasoma kimoyomoyo. Kisha akafungua kile cha marehemu mumewe, akasoma kwa sauti mpaka mwisho wa mstari wa 8. Alipofika kwenye neno lile hakusita.

MANENO YA KUKUMBUKA
Balasi: chombo kikubwa cha kuwekea maji.
Kufasiri: kutoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika lugha nyingine.
Mtawa: mtu aliyejitoa kwa Mungu.
Utauwa: kumcha Mungu, uchaji.

MASWALI
1. Kwa nini Bibi alifunga kitabu? Je, alikosea kusoma?
2. Kwa nini mwaka 1952 ilitolewa tafsiri ya muungano?
3. Neno "mtungi" lina faida gani na hasara gani katika habari ya arusi ya Kana?
4. Jadilianeni: kama mngekuwa katika darasa lile, mngekata shauri gani?

ZOEZI
Tafuta msemo mmoja wa lugha ya kwenu. Uandike kwa Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza fuata maneno. Mara ya pili fuata maana. Wasomee wenzako, uwaulize wameelewa nini.